Mchango Utangulie Maradhi
Wazee wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa wanahitaji zaidi ya kitambaa cha Ijumaa

Swala ya Ijumaa ikishakwisha, kabla watu hawajafikia viatu vyao, katibu wa msikiti husimama na kuomba dakika mbili. Aliyezoea kuswali katika misikiti ya Mbinga mjini au ya mwambao wa Nyasa anayajua maneno yatakayofuata. Mzee wetu fulani, ambaye kwa miaka mingi hakukosa safu ya mbele, amelazwa. Anatakiwa kupasuliwa, au kuhamishiwa Peramiho, au kupelekwa hospitali ya mkoa Songea. Watoto wake wamefika mwisho wa uwezo wao. Kitambaa hutandikwa mlangoni, noti na sarafu hudondoka juu yake, kisha hesabu hutangazwa na watu huitikia kwa dua.

Hakuna wa kuidharau desturi hii. Imewalipia wengi vitanda, imewanunulia damu ya uhai muda wa kurudi nyumbani, na imewasafirisha wengine kuzikwa kwao kwa heshima. Lakini ina kasoro moja ambayo ukarimu peke yake hauwezi kuiondoa: hufika ikiwa imechelewa. Hufika baada ya ugonjwa kukomaa, baada ya mbuzi kuuzwa kwa bei ya shida, baada ya shamba kuwekwa rehani. Tena hufika kwa tangazo, na mzee aliyeishi maisha yake yote akificha dhiki yake husikia jina lake likisomwa mbele ya wajukuu zake.

Makala haya yana jambo moja la kusema. Waislamu wa Mbinga na mwambao wa Nyasa hawana upungufu wa huruma, wana upungufu wa utaratibu. Mchango ule ule tunaoutoa mzee akishalala kitandani, tukiutanguliza kabla ya maradhi, utatibu wengi zaidi kwa fedha chache zaidi, na utawaacha wazee wetu na haya zao.

KIDONGE KISICHOTANGAZWA

Maradhi ya uzeeni yana tabia yake. Malaria humshika mtu leo, akatibiwa, na wiki ijayo yuko shambani. Shinikizo la damu, kisukari, maumivu ya viungo, tezi dume na mtoto wa jicho havina haraka. Huingia kimya, hukaa, na hudai gharama ndogo kila mwezi hadi mwisho wa umri. Mzee wa Kingerikiti au wa Litembo mwenye presha hahitaji mamilioni. Anahitaji vidonge vya mwezi huu, na vya mwezi ujao, na nauli ya kwenda kupimwa.

Hapo ndipo kitambaa cha mlangoni kinaposhindwa. Hakuna katibu aliyewahi kusimama baada ya swala akatangaza kuwa bibi fulani amekosa vidonge vyake vya mwezi. Jambo hilo ni dogo mno kutangazwa, na bibi mwenyewe asingekubali. Basi hukaa bila dawa wiki mbili, kisha mwezi, kwa kuwa hajisikii vibaya. Siku moja asubuhi upande mmoja wa mwili hauinuki. Sasa ni kiharusi, sasa kuna gari la kukodi, kulazwa, na miaka ya kuuguzwa na binti aliyeacha biashara yake. Sasa tangazo linasomwa, na msikiti mzima unatoa kwa moyo mweupe. Tumelipia kiharusi ambacho tulikataa kulipia kidonge chake.

Hatukukataa kwa ubaya. Tulikataa kwa sababu hatukuwa na mahali ambapo kidonge kinaweza kuombwa bila kelele.

AHADI YA SERIKALI NA MAPENGO YAKE

Mwaka 1993 hospitali za umma nchini zilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu, baada ya miaka mingi ya huduma bila malipo. Pamoja na malipo hayo iliwekwa misamaha kwa makundi maalumu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na mzee asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Katika hospitali nyingi leo lipo dirisha la wazee, na maandishi ukutani yanawataka vijana wampishe mzee kwanza.

Haki hii ni ya kweli na haifai kuachwa idaiwe na wajanja tu. Lakini ina mapengo, na mzee wa vijijini ndiye huangukia ndani yake.

Pengo la kwanza ni utambulisho. Msamaha ni wa mzee asiye na uwezo, na kutokuwa na uwezo sharti kuthibitishwe na serikali ya kijiji au mtaa. Mjane asiyejua kusoma, asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa na asiye na wa kumsindikiza ofisini, hubaki nje ya orodha ingawa kila jirani anaijua hali yake.

Pengo la pili ni dawa. Kumwona mganga bila malipo kisha kuambiwa dawa ikanunuliwe dukani ni nusu ya matibabu.

Pengo la tatu ni la mahali. Katika eneo hili, hospitali zilizotangulia kujengwa ni za makanisa. Peramiho, ilipo misheni ya Wabenediktini tangu mwaka 1898, ndiyo kimbilio la wagonjwa wa rufaa kutoka pande zote za Songea na Mbinga. Litembo, katika milima ya Umatengo, ni hospitali ya Jimbo Katoliki la Mbinga. Liuli, ufukweni mwa ziwa, ni ya Waanglikana. Wazee wetu wametibiwa humo pasipo kuulizwa dini yao, na shukrani ni deni. Lakini hospitali hizo hutegemea malipo ya wagonjwa ili ziendelee kuishi, na msamaha wa hospitali ya serikali hauvuki kizingiti chao kila mara.

Pengo la nne halimo katika sera yoyote. Ni nauli, ni uji wa mgonjwa, ni sabuni, ni mahali pa kulala mwuguzaji. Barabara ya lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imeifanya safari iliyokuwa ya siku kuwa ya saa chache, na hiyo ni neema kubwa. Lakini lami haijamfikia mzee aliye kijiji cha mlimani au kando ya ziwa mbali na barabara kuu, anayengoja pikipiki au mtumbwi. Na akiandikiwa kwenda Muhimbili, kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Wengi hurudi nyumbani na barua ya rufaa ikiwa imekunjwa mfukoni, kwa sababu ya nauli tu.

SAHANI MOJA

Uislamu haukutuacha gizani katika jambo hili. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari, Mtume (s.a.w.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari. Walikuwa wakipungukiwa chakula vitani, au chakula cha familia zao kikiwa haba wakiwa Madina, hukusanya kila walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume (s.a.w.) hakuishia kuwasifu, bali alijinasibisha nao.

Tutazame vizuri walichokifanya. Hawakungoja mmoja wao aanguke kwa njaa ndipo wapitishe nguo. Walikusanya kwanza, wakagawa baadaye, na aliyeleta kingi hakuchukua kingi.

Jambo hili si geni kwa watu wa milima hii. Wamatengo walikuwa na sengu, mkutano wa ukoo ambapo watu wa nyumba mbalimbali walileta vyakula vyao mahali pamoja, wakala pamoja, na wazee wakatoa mashauri na kuamua mambo ya ukoo. Nyumba iliyokuwa na upungufu siku hiyo haikuulizwa imeleta nini. Ngoro, yale mashimo ya kilimo yanayoushika udongo wa milima ya Mbinga usiporomoke, yamejulikana duniani na wataalamu wamekuja kuyasoma. Sengu imeshika kitu kingine kisiporomoke, nayo inastahili kukumbukwa.

Na kuhusu wazee hasa, yapo masimulizi aliyoyanakili Kadhi Abu Yusuf katika Kitab al-Kharaj. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba mlangoni. Alipojua kuwa uzee na kodi ndivyo vilivyomfikisha hapo, alimchukua nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mweka hazina wa Baytul-Mal amwondolee kodi yeye na walio mfano wake na kuwapangia fungu. Hakika aliona si haki kula nguvu za mtu ujanani kisha kumtupa akizeeka. Umar alianza kwa mkono wake mwenyewe, lakini hakuishia hapo. Aliandika utaratibu.

FUNZO LA MACHELA

Kwa wanaodhani kuwa watu wa kijijini hawawezi kuendesha mfuko wa matibabu, mfano ulio karibu uko Uganda. Katika milima ya Kigezi, kusini magharibi mwa nchi hiyo, watu walikuwa na vyama vya kubebana. Mgonjwa akizidiwa, wanachama walimweka kwenye machela, iitwayo engozi kwa lugha yao, wakambeba kwa zamu hadi hospitali. Asiyebeba wenzake hakubebwa. Mwaka 1996 hospitali ya Kanisa la Uganda iliyoko Kisiizi ilipoanzisha mpango wa kuchangia matibabu, haikwenda kwa mtu mmoja mmoja. Ilivifuata vyama hivyo vya machela na kuandikisha kikundi kizima kwa pamoja.

Hekima ya kuandikisha kikundi kizima ndiyo inayomwokoa mzee. Mfuko ukimwandikisha kila mtu peke yake, wanaojiunga upesi ni wagonjwa na wakongwe, vijana hubaki nje, fedha huisha, na mwishowe mzee hutozwa zaidi kwa sababu ya uzee wake. Bima nyingi za biashara hupanga bei kwa umri kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kijana na mzee wakiingia kwenye machela moja, mabega yenye nguvu huwabeba yaliyochoka, na kila kijana anajua kuwa siku yake ya kubebwa inakuja.

Wengine watauliza kama hii si bima iliyokatazwa. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah Desemba 1985 na kuamua kuwa bima ya biashara yenye malipo maalumu ina utata wa gharari na haifai, ama bima ya kusaidiana iliyojengwa juu ya kujitolea inaruhusiwa. Juu ya msingi huo wa kujitolea zilisimama kampuni za takaful, kuanzia Sudan mwaka 1979 hadi kwa jirani zetu wa Kenya mwaka 2011. Mfuko wa msikiti ni mdogo kuliko takaful, lakini nia yake ni ile ile: mtoaji anatoa kwa ajili ya Allah (s.w.), na hadai kurudishiwa akiwa hakuugua.

MIFUKO MITATU ISICHANGANYWE

Hapa ndipo misikiti mingi hukosea, si kwa hila bali kwa kutojua. Fedha za kuwasaidia wazee wagonjwa zina milango mitatu, na kila mlango una hukumu yake.

Mlango wa kwanza ni zaka. Wanaostahiki wametajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60, nao ni makundi manane. Mzee fukara anaingia kwa ufukara wake. Mzee aliyetoka hospitali na deni asiloweza kulilipa anaweza kuingia katika fungu la wenye madeni. Ama mzee mwenye shamba kubwa la kahawa na nyumba za kupangisha haingii, hata kama anaumwa, kwa kuwa ugonjwa si miongoni mwa yale manane. Zaka pia sharti imfikie mwenyewe na kuwa mali yake. Msikiti ukitaka kumlipia hospitali kwa fedha ya zaka, na upate idhini yake kwanza.

Wakulima wetu wakumbuke kuwa kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, zaka ya mazao ni ya vyakula vikuu vinavyowekwa akiba kama mahindi, maharagwe na mpunga, vikifikia nisabu ya kilo 650 hivi, na fungu lake ni sehemu moja ya kumi kwa kinachomea kwa mvua. Kahawa haimo katika zaka ya mazao, lakini fedha zake zikihifadhiwa mwaka mzima na kufikia nisabu, zina zaka. Mkulima asiseme kuwa hana zaka kwa sababu analima kahawa.

Mlango wa pili ni sadaka. Huu ni mpana. Humfaa tajiri aliyekwama, humfaa jirani asiye Mwislamu, na hulipa nauli, uji na sabuni pasipo masharti mengi.

Mlango wa tatu ni mchango wa wanachama, ule wa kusaidiana. Humo kila mwanachama ana haki sawa, tajiri na maskini. Kwa sababu hiyo zaka isimiminwe humo, maana itamfikia asiyestahiki. Daftari tatu hazigharimu kitu, na humkinga mweka hazina na masuali magumu siku ya Kiyama kabla ya mkutano mkuu.

WATOTO NDIO WA KWANZA

Kabla ya msikiti kuna nyumba. Surat al-Isra, aya ya 23, imeuweka wema kwa wazazi mara tu baada ya ibada ya Mola Mmoja, na imetaja waziwazi hali ya mmoja wao au wote wawili kufikia uzee. Matunzo ya wazazi wasio na kitu ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wameingiza humo gharama za tabibu na dawa. Ndiyo maana mtoto haruhusiwi kumpa mzazi huyo zaka yake kwa kile ambacho tayari ni wajibu wake kumlipia. Huwezi kulipa deni lako kwa fedha za maskini.

Vijana wengi wa Mbinga na Nyasa wako Songea, Mbeya na Dar es Salaam. Hutuma fedha kwa simu wakiambiwa mama kalazwa, na hutuma nyingi. Jambo bora kuliko hilo ni ndugu kukaa, hata kwa simu, na kugawana wajibu mapema: huyu alipe kadi ya bima ya wazazi kila mwaka, huyu atume fedha ya dawa kila mwezi, na dada anayeishi nao, ambaye ndiye anayewaogesha na kuwapikia, asihesabiwe kuwa hakuchangia. Uuguzaji ni mchango, tena mara nyingi ndio mkubwa kuliko yote. Mke au binti aliyeacha genge lake ili kukaa kando ya kitanda amelipa fedha ambazo hakuna aliyeziandika.

Msikiti uje baada ya hapo, kwa wale ambao watoto wao hawana, au hawapo, au wamewatangulia mbele ya haki.

KAHAWA NA USIPA

Utaratibu wowote ukipangwa mezani bila kuangalia mapato ya watu, hufa mwaka wa kwanza. Mkulima wa milimani hupata fedha kwa msimu. Kahawa huchumwa katikati ya mwaka, na malipo yakija huja kwa mkupuo, kisha miezi mingi hupita mikavu. Ukimdai shilingi elfu moja kila mwezi, Machi atakukwepa. Mwombe elfu kumi na mbili siku za malipo, atatoa akicheka.

Mvuvi wa ziwani yuko tofauti. Usipa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, taa haivuti samaki na mitumbwi hupumzika ufukweni. Kwa hiyo mfuko wa mvuvi hujaa na kupwa kwa mwezi, na mwezi huo huo ndio kalenda ya ibada yetu. Msikiti wa Mbamba Bay au Liuli ukiweka siku ya mchango mwanzoni mwa kila mwezi wa Kiislamu, utawakuta wavuvi wametoka katika siku za giza na wana kitu mkononi.

Tuchukue mfano wa hesabu, si wa msikiti wowote maalumu. Waumini 80 wakichangia wastani wa shilingi 1,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi 960,000. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, kwa kiwango tulichokizoea, ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na kadi yake ilimtibu mtu kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Kwa kiwango hicho, kaya 12 za wazee wasio na msaada zingekatiwa kadi kwa shilingi 360,000. Zingebaki shilingi 600,000, yaani 50,000 kwa kila mwezi, za nauli na dawa zilizokosekana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaleta mpangilio mpya, basi kamati iulize kwanza kwa mtendaji wa kijiji au zahanati kiwango cha sasa ni kipi na vituo gani vinaipokea kadi, hospitali za misheni zikiwemo. Hesabu itabadilika, lakini njia ni ile ile: fedha kidogo ya msikiti inunue haki kubwa iliyokwisha kuwekwa na nchi, na mabaki yazibe mapengo.

Wala kamati isianze kwa fedha. Ianze kwa orodha. Wazee wa eneo la msikiti ni kina nani, nani ana kitambulisho cha msamaha, nani hana, nani anatumia dawa za kila mwezi? Kijana mmoja wa madrasa ya juu anayejua kuandika, akifuatana na mama mmoja mtu mzima, wanaweza kuimaliza kazi hiyo kwa Jumamosi mbili. Huenda wakagundua kuwa nusu ya tatizo halihitaji shilingi hata moja, ila mtu wa kumsindikiza mzee hadi ofisi ya kijiji.

AMANA NA MIPAKA YAKE

Mfuko huu utaishi au utakufa kwa uaminifu. Fedha zikae benki, katika akaunti isiyo na riba, kwani benki kadhaa nchini sasa zina dirisha la Kiislamu. Watia saini wawe watatu na wasiwe wa nyumba moja. Hesabu zisomwe kila robo mwaka: jumla iliyoingia, jumla iliyotoka, idadi ya waliosaidiwa. Majina ya wagonjwa na maradhi yao yasisomwe kamwe. Na katika kamati wawemo wanawake wasiopungua wawili, kwa sababu bibi wa miaka sabini hatamweleza katibu wa kiume yanayomsumbua, na akinyamaza atahesabiwa kuwa ni mzima.

Kamati pia iseme ukweli kuhusu mipaka. Biashara ya bima nchini huendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na msikiti si kampuni ya bima. Usiahidi usichokimiliki. Nchini Marekani vipo vyama vya Wakristo ambavyo wanachama wake hugawana gharama za hospitali kila mwezi. Vimewasaidia wengi, lakini kwa kuwa kisheria havidhaminiwi kama bima, wapo walioachwa na madeni makubwa baada ya kuamini kuwa wamekingwa. Tujifunze mapema. Iandikwe kwenye kadi ya mwanachama: mfuko huu unalipa kadi ya bima, dawa za maradhi sugu na nauli hadi kiwango fulani. Upasuaji mkubwa hauwezi kubebwa nao peke yake, na hapo kitambaa cha Ijumaa kitarudi mahali pake, kikiwa mara chache zaidi na kwa jambo lililo kubwa kweli.

JIRANI YETU

Mbinga ni nchi ambayo Waislamu ni wachache. Tumezungukwa na majirani Wakristo tunaochanganya nao damu, shamba na msiba. Mwislamu hulazwa Litembo, na jirani yake Mkatoliki humpelekea uji. Itakuwa aibu tukijenga mfuko ambao hauwezi kumpa nauli mama wa jirani huyo siku yake ikifika. Zaka ina watu wake, lakini sadaka haina ukuta, na Surat al-Mumtahina, aya ya 8, imetufungulia mlango wa wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita. Yule mzee wa Umar hakuwa Mwislamu.

Wahenga wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeubeba ndiye anayeujua uzito wake, wengine huuona mwepisi kama pamba. Wazee wetu wameubeba mzigo wa maradhi kimya kimya, mlimani na ziwani, wakingoja uwe mzito wa kutosha kutangazwa. Wao ndio waliofyatua matofali ya misikiti tunayoswalia, ndio waliotufundisha alifu kwa kijiti mchangani, ndio waliouza magunia ya mahindi ili tusome.

Ijumaa ijayo katibu akisimama, na aombe dakika mbili za aina nyingine. Asiseme nani amelazwa. Aseme kuwa kuna daftari jipya mlangoni, na kwamba mwezi ukiandama mchango wa kwanza utapokelewa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wabillahi tawfiq.